Brifukesi ya Ngozi Halisi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nikiugua mimi siku mbili, Tukuyu nzima inalowa. Wakubwa hawalisemi hadharani lakini wanalijua. Mvua ya huku haina likizo, na kila mwavuli unaovunjika mbavu lazima upite mkononi mwa Boazi. Kiongozi mmoja wa Mbeya (jina nalihifadhi) aliwahi kugeuza gari aliposikia sijafungua kibaraza. Mwaka 2011. Au 2013. Gari lilikuwa jeusi.

Leo nimeiona. Brifukesi!

Iko dirishani kwa Sadalla, fundi ngozi, yule ambaye babu yake alipanda huku kutoka Pangani na sindano ya viatu mfukoni. Rangi ya kahawia, kama chai iliyokolea. Vitasa viwili vya shaba. Kufuli ya namba. Chini vimiguu vinne vya shaba ili isiguse matope. Sadalla anasema aliishona kwa mkono mwezi mzima, kwa oda ya bosi wa benki. Bosi akahamishwa kabla hajaichukua. Nimesimama dirishani mpaka wateja wawili wakaniacha, wakaenda na miavuli yao kwa mwingine. Waende.

Mchana dada yangu Tupokigwe kapiga simu kutoka Isongole. Mahari ya binti yake Belinda ni Jumamosi ya tarehe 17. Dada ni mjane, kwa hiyo ukoo unatafuta msemaji wa kukaa kiti cha mbele na kuongea na wakwe. Majina ni mawili: mimi, mjomba, na Erasto, mdogo wa marehemu shemeji. Erasto alikuwa karani wa kata, amestaafu. Ana sauti ya kusoma barua hata akiomba chumvi. Dada anasema bado anawaza.

Anawaza nini? Akiniona na brifukesi hatawaza tena.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kuikagua. Mtu wa hadhi yangu hanunui kitu kwa kukitazama tu. Nikavaa koti. Nikamwambia Sadalla nimetumwa na taasisi. Akauliza taasisi gani. Nikasema ni ya siri kidogo. Akasema sawa, taasisi inawe mikono kwanza.

Nimejifunza mengi, ingawa mengi nilikuwa nayajua. Ngozi halisi ukiibonyeza kwa dole gumba inakunja uso kama bibi anayefikiri, halafu inarudi. Ukingo wake una nyuzinyuzi. Wa plastiki unateleza. Ukiidondoshea tone la maji, inalinywa polepole. Sadalla akaleta sumaku akaigusisha kwenye kitasa. Haikunasa! Shaba tupu. Kuhusu uzi, anasema mashine ikikatikiwa mshono mmoja inafumuka yote, lakini mshono wa mkono ukikatika mmoja wenzake wanashikilia.

Nikainusa. Nikainusa tena. Mara ya tatu Sadalla akaniuliza, mzee Boazi, hii unataka kuinunua au kuiposa?

Bei laki mbili na themanini. Nikakohoa. Nikamwambia taasisi itakaa kikao.

Nyumbani nikapiga hesabu. Miavuli mia na themanini na saba. Mke wangu Tusekile akauliza hesabu ya nini. Nikasema ya taifa.

Alhamisi, 8 Mei

Mzee mmoja stendi kaniambia ngozi halisi haishiki moto. Kipimo cha mwisho hicho! Nikaenda kwa Sadalla na kiberiti. Akainuka na nyundo. Akasema njiti ikisogea hatua moja zaidi, msiba utakuwa wa kwetu wote.

Basi nikajitolea mkanda wangu. Mkanda huu watu wote wa Ibighi wanajua historia yake. Ni wa ngozi ya nyati, nilipewa na mzungu niliyemwokoa kwenye maporomoko ya Kaporogwe, nikimshika kwa mwavuli uliofungwa. Miaka kumi na mmoja naufunga. Nikauvua mbele ya wateja wanne ili waone nyati anavyoudharau moto.

Umeyeyuka. Umedondoka sakafuni matone meusi, na harufu ya ndoo ya plastiki iliyoangukia jikoni. Mzungu alinidanganya! (Kama alikuwepo. Alikuwepo.)

Sadalla hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alinikatia kipande cha kamba akanipa, nikarudi kibarazani nimeshika suruali.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempelekea Sadalla hoja mpya. Nikamwambia gari hulijui mpaka uliendeshe, na brifukesi hivyo hivyo mpaka uitembeze. Akasema haitoki nje ya kibaraza chake, na saa sita anafunga kwenda kuswali.

Inatosha. Nimetembea kutoka mlangoni mpaka nguzo, nguzo mpaka mlangoni. Mara kumi na mbili. Ina uzito wa haki. Mpini unajaa kiganjani kama mkono wa mtu anayekuheshimu. Mzunguko wa saba mwalimu mmoja wa sekondari kapita, kanitazama, kasema shikamoo mheshimiwa. Mheshimiwa! Mwalimu mwenye digrii! Nikamwitikia kwa sauti ya chini, kama watu wenye shughuli.

Niandike na hili, maana shajara ni ya mtu mwenyewe. Mwaka 1986 nilikuwa darasa la tano kule Suma. Bwana Jairo wa ushirika alikuwa akishuka barabarani kila mwisho wa mwezi, na brifukesi ya ngozi ya kahawia kama hii. Siku moja akanichagua mimi katika watoto wote nimsindikize. Nikaibeba brifukesi yake kutoka barabarani mpaka ofisini, kilomita mbili. Wazee waliokuwa wanachuma chai walisimama kutusalimu. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Aliniona. Mwaka uliofuata niliacha shule, ng'ombe walihitaji mtu. Lakini harufu ile ya ngozi haijaniacha. Miaka karibu arobaini. Naisikia hata kanisani.

Saa sita Sadalla kaichukua mkononi mwangu. Kailaza, kafunga duka. Nikabaki nimekunja kiganja vilevile.

Jumamosi, 10 Mei

Mpango! Dada Tupokigwe ana viazi, ana mifugo, na ndiye mwenye shughuli. Anisaidie yeye.

Nimepiga simu. Isongole kulikuwa na mvua, sauti inakuja na kuondoka. Dada akaongea Kinyakyusa, mimi nikaongea Kiswahili, maana simu ya mambo makubwa huongewa Kiswahili. Nikamwambia siku ile siwezi kusimama mbele ya wakwe bila ngozi halisi, na mimi mwenyewe kuipata imenishinda. Akanyamaza. Nikadhani mtandao. Kumbe anafuta machozi! Akasema kaka, kwa nini hukusema mapema, nitakutumia mwenyewe na Erasto hatajua.

Akauliza dume au jike. Swali la maana, wanawake wana mikoba yao. Nikasema dume, dada, mimi ni mwanamume! Akauliza rangi. Kahawia. Akauliza kama nataka nene. Nene, nikasema, nyembamba haidumu. Akauliza miguu. Nilishangaa! Dada aliishia darasa la pili lakini anajua brifukesi nzuri lazima iwe na miguu. Nikamwambia miguu yote minne, mizima, imesimama vizuri. Akasema ndaga fijo kwa kumwambia ukweli, kaka. Yaani yeye ndiye anayenishukuru mimi.

Ukoo wetu una watu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia Sadalla aitoe dirishani, taasisi imepitisha. Akauliza fedha. Nikasema ziko njiani kutoka kaskazini.

Kwenye mgahawa wa chai nimekutana na Erasto. Ana lile faili lake la plastiki, kalishika kwapani kama kipimajoto. Kasema amesikia nanunua sanduku la mabosi. Nikamwambia brifukesi, ndugu yangu, na mtamkie mwenzio neno zima. Akanyonya chai. Akauliza, sasa mzee wa miavuli, humo utaweka nini?

Nikasema nyaraka. Akauliza zipi. Nikasema za aina zote.

Nikarudi nyumbani kutafuta nyaraka. Chini ya godoro: kalenda ya mwaka 2009 yenye picha ya maporomoko. Kabatini: maelekezo ya redio, kwa Kichina. Nyuma ya mlango: kadi ya kliniki ya Tusekile ya mwanetu wa mwisho, ambaye sasa ana ndevu. Tusekile akanikuta nazitandaza kitandani. Akaketi pembeni. Akasema Boazi, kama ni kitu cha kuweka vitu, vitu vyako ni plaizi na waya, na vinakaa vizuri tu kwenye ndoo.

Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumatano, 14 Mei

Niandike taratibu.

Asubuhi bodaboda kutoka Isongole kaja mpaka kibarazani. Kiti cha nyuma kuna gunia. Kwenye gunia kuna kichwa. Kichwa kikanitazama, kikasema mee.

Kondoo. Dume. Kahawia. Mnene. Dereva akamfungua, akamsimamisha chini, akanionyesha mmoja mmoja: miguu minne, mzee, mizima, dada yako kasema uhesabu.

Kwa Kinyakyusa kondoo ni ing'osi. Na watu wa huku ulimi wao hauipendi zedi. Mtu anataka kusema ngozi, inatoka ngosi. Watu wengine, si mimi. Mimi Kiswahili changu ni cha redioni. Ni mtandao. Mvua iliingia kwenye simu.

Nikampigia dada nimsahihishe. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Anasema amefurahi sana. Anasema amekuwa akiona haya kwa ajili yangu, maana mila inataka mjomba aje na mnyama wa kuwapokea wakwe, na Erasto alishasema mbele ya watu kwamba Boazi atakuja na mikono mitupu na maneno mengi. Kwa hiyo nimlete huyo kondoo Jumamosi mimi mwenyewe, kwa kamba, nikipitia njia ya mbele, watu wote waone ni wangu. Na kiti cha mbele amekwisha kukiamua. Ni changu. Alikiamua tangu Jumamosi, niliposema ukweli.

Nikasema asante dada.

Tusekile alicheka mpaka akakaa chini, matopeni, na kitenge chake kipya. Kisha akapangusa macho akasema, umepona Boazi, mpeleke kondoo, mambo yaishe.

Kweli. Yaishe. Kondoo amefungwa kwenye mgomba. Ananitazama. Rangi yake ni ileile.

Alhamisi, 15 Mei

Nilipita kwa Sadalla kumwambia basi. Nilikuwa naye kondoo kwa sababu anahitaji kutembea.

Sadalla akamwona. Akaacha sindano. Idi ya kuchinja ni mwanzoni mwa mwezi ujao, akasema, na kondoo wa sokoni mwaka huu ni mifupa inayotembea. Akauliza huyu wa nani. Mdomo wangu ukasema wangu, kabla yangu.

Akamkagua. Masikio, macho, meno. Akabonyeza mgongo kwa dole gumba. Akamzunguka mara tatu. Akainama karibu na manyoya. Nikamwuliza, ustadh, unamnunua au unamposa? Tukacheka wote. Dakika ile nilimpenda sana Sadalla.

Kondoo, na miavuli yote ya nyumba yake bure mwaka mzima. Mkono kwa mkono. Nilimkumbusha kuwa ni mimi niliyeona mbali.

Naandika hapa imelala mezani. Hesabu yangu ni safi kabisa: dada anataka nionekane mtu wa maana mbele ya wakwe. Kondoo analiwa siku moja. Brifukesi itanionyesha mtu wa maana mpaka wajukuu. Kwa hiyo nimemfanyia dada zaidi ya alichoomba. Atafurahi akielezwa.

Ilikuwa nyepesi mno kwa kutembea nayo, ikiwa tupu. Nimeweka kalenda, Kichina, kadi ya kliniki. Bado nyepesi. Nimeweka plaizi, waya, mbavu kumi za akiba na ndizi mbili za kuchoma. Sasa ina uzito wa serikali.

Jumamosi, 17 Mei

Isongole. Baridi ya kuuma masikio. Nimeingia kwa njia ya mbele kama nilivyoagizwa, koti, kamba mpya ya suruali, brifukesi mkono wa kulia. Watu wakasimama. Nilisikia wakinong'ona. Hatua ishirini zile sitazisahau. Ishirini tu, lakini zilikuwepo.

Dada akaja mbio na kanga mkononi. Akatazama nyuma yangu. Akatazama njia. Akauliza kwa sauti ndogo, kaka, ing'osi iko wapi?

Nikainua brifukesi. Nikasema hii hapa.

Wakwe wanatazama. Nikaanza kumweleza habari za mshono wa mkono, sumaku, na jinsi kondoo alivyobaki kwa Sadalla. Belinda ndiye aliyeelewa kwanza. Nesi huyo, wa zahanati, siku yake ya heshima, akajifunika uso kwa mtandio mabega yakitikisika, akasema jamani anko, kondoo umemgeuza brifukesi! Ukumbi mzima ukalipuka. Hata Dennis, mkwe mtarajiwa, mwalimu mpole wa kutoka Singida, akageukia ukutani.

Dada hakucheka. Aliishika brifukesi, akaibonyeza kwa dole gumba, ikakunja uso, ikarudi. Akasema ni nzuri. Halafu akasema mtu aliyeuza kondoo wa wageni hawezi kukabidhiwa habari za ng'ombe. Akamwita Erasto kwenye kiti cha mbele.

Nikakaa kiti cha tatu. Nyuma ya sufuria.

Aibu haikuishia hapo. Mvua ikashuka, na upepo. Mshenga wa upande wa Dennis, mzee mmoja anaitwa Andrea, alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka barabarani. Mwavuli wake ukageuka ndani nje, mbavu nne zikakatika, mzee kasimama katikati ya uwanja anachapwa maji, shughuli imesimama. Erasto akafungua faili lake. Halina kitu cha mvua. Watu wote wakanigeukia mimi.

Ilibidi nifungue brifukesi mbele ya wakwe! Wakaona yote. Plaizi. Waya. Ndizi. Nikaushika ule mwavuli, nikanyoosha, nikafunga mbavu mpya nne, muda wa kuhesabu mia mbili. Mzee Andrea akaufungua, akaufunga, akaufungua. Akasema katika safari zake zote hajaona fundi anayekuja kwenye mahari na vifaa kamili ndani ya sanduku la waziri. Akaomba nikae karibu naye. Akala ndizi yangu moja. Walipokubaliana ng'ombe, hapakuwa na karatasi kubwa, Erasto akaandika nyuma ya kalenda yangu ya 2009, wote wakatia sahihi, na mzee Andrea akasema karatasi hii ikae kwa mtu mwenye pa kuiweka. Ikarudi kwenye brifukesi.

Wakati wa kuagana dada alinifungia viazi. Akaniwekea mkono begani, akauacha kidogo. Alidhani nimefurahi.

Sijawahi kudhalilika hivi. Nilikwenda mheshimiwa nimerudi fundi.

Jumapili, 18 Mei

Nimetafakari ibada nzima. Kosa nimeliona. Kosa ni viatu. Mtu akibeba brifukesi ya aina ile na viatu vya raba, macho ya watu yanashuka chini na heshima inashuka nayo. Erasto alivaa viatu vyeusi.

Nimepita kwa Sadalla kumpokea miavuli yake (kumi na moja! ana ukoo mkubwa). Ana jozi moja, ngozi halisi, kahawia, soli ya kushonwa kwa mkono. Nimeibonyeza. Nimeinusa. Kondoo yuko nyuma ya duka, ananenepa, kanitambua. Sadalla anasema viatu havina haraka. Arusi ni Agosti. Kesho nitampigia dada, na safari hii nitatamka polepole kabisa: ngozi.

Brifukesi iko hapa mezani. Ndani ina karatasi moja ya kweli, yenye sahihi saba. Nimeifungua mara nne leo kuitazama.

Na kwa kuwa shajara ni ya mtu mwenyewe, nirekebishe kitu kimoja cha tarehe 9, kidogo tu. Kule Suma, mwaka ule, nilimwomba Bwana Jairo nimbebee brifukesi. Alicheka, akaishika mwenyewe mpaka ofisini.

Mimi alinipa mwavuli.